Fidla Ilipobaki Peke Yake

Absalom Wamalwa alikuwa na njia yake ya kumkosoa mtu. Hakupiga kelele. Alikusogelea, akashusha sauti, kisha akasema jambo ambalo ungelikumbuka ukiwa umeshajilaza.

"Miss Aoko," alimwambia Benta asubuhi ile ya Jumapili, katika ukumbi mmoja wa mji wa Thika, mbele ya okestra nzima, "leo tunapiga muziki. Hatukwaruzi orutu kwenye kilabu cha pombe."

Wapigaji wa Kigoa waliotoka Nairobi wakainamia vyombo vyao kama watu ambao hawakusikia. Philip peke yake ndiye aliyecheka. Huyu alikuwa mkuu wa fidla zote za okestra, na hakuna aliyekuwa hajui kwamba ameikariri sehemu ya Benta tangu mwanzo hadi mwisho, akingoja tu ateleze.

Benta, ambaye marehemu baba yake alikuwa mpiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja ya Waluo, aliinamia nyuzi zake. Kunyamaza ndiko alikokujua. Katika shule ya shamba la kahawa kule Ruiru, alikofundisha darasa la pili, watoto walikuwa wakimsogelea ili wamsikie, na mbele ya wazazi sauti ilimkwama kabisa. Fidla, aliyofundishwa na mama mmoja wa misheni alipokuwa chuo cha ualimu, ndiyo iliyompa mahali pa kusema jambo mpaka mwisho bila kukatwa kauli. Mwaka mzima alikuwa amejifungia na tungo la Wamalwa. Leo lingenaswa kwenye utepe, litangazwe redioni, na watu ambao hawajawahi kumwona wamsikie yeye. Alilitaka jambo hilo kiasi cha kukosa usingizi.

Tungo lenyewe lilikuwa konsato, muziki mrefu ambamo fidla moja inasemezana na okestra nzima, mara ikibembeleza, mara ikigombana nayo. Wamalwa alilitunga aliporudi kutoka masomoni Uingereza, na alilitunga kwa mtindo wa zamani, wenye majonzi na mapenzi makubwa, kama walivyotunga Wazungu wa karne iliyopita. Hakuna aliyemshukuru. Wazungu wa klabu ya Thika walimuuliza ngoma ziko wapi. Mwandishi mmoja wa gazeti la Nairobi alicheka kwamba hata huko Ulaya watu wameacha kulia namna hiyo. Na huku mtaa wa Kamenu, hapa Thika, alikopanga chumba, majirani walisema huyu mtu ni wa ajabu: nchi iko katika Hali ya Hatari, watu wamefungiwa kambini, naye anawatungia Wazungu nyimbo za kulalia. Usiku mmoja mlango wake ulipakwa mavi ya ng'ombe. Basi Wamalwa akawa mtu aliyepigwa kutoka kila upande, na yeyote aliyekuwa karibu naye alipata lake.

Fundi wa kunasa sauti, Muthoka, alikuwa amefika na gari la utangazaji mapema. Aliingia ukumbini, akapiga kofi moja. Kofi likapanda kwenye mabati, likarudi, likapanda tena.

"Ukumbi huu unajibu," alisema. "Haufai."

Walitundika magunia ya kahawa ukutani. Muthoka akapiga kofi jingine, akatikisa kichwa.

"Bado. Mnahitaji watu. Mtu na nguo zake humeza mwangwi kuliko gunia. Wajaze viti, lakini wawe watu wa kunyamaza."

"Hapa Thika?" Wamalwa akauliza kwa uchungu. "Nani atakuja kuninyamazia mimi?"

Ndipo Benta akafungua kinywa, na alijuta hata kabla hajamaliza. "Baba mdogo anaweza kuleta watu. Kutoka shambani."

Baba yake mdogo, Odhiambo, alikuwa nyapara katika shamba hilo la Ruiru. Ndiye aliyemlea Benta baada ya baba yake kufa. Saa sita ilipopita kidogo, lori la shamba likaingia likiwa limejaa watu waliotoka kanisani, wengi wao Waluo wa upande wa ziwa, wamevaa nguo zao za Jumapili, wanawake wamefunga vitambaa vyeupe. Odhiambo alishuka akiwa na koti na tai, akaangalia ukumbi kama mtu aliyekuja kupokea mahari.

"Leo ni leo," alisema. "Mtoto wetu anapiga, na sisi tumealikwa."

Muthoka aliwapa amri moja tu. "Okestra ikipiga, mtu asikohoe, asiseme, asisogeze kiti. Tumeelewana?"

"Tumesikia," wakaitikia.

Mara ya kwanza walifika katikati, treni ikapiga honi stesheni. Mara ya pili uzi wa mpigaji mmoja ukakatika. Muthoka alipofunga utepe mpya, alimwambia Wamalwa bila kumtazama, "Huu ndio wa mwisho. Na lori lenu lazima lifike Ruiru kabla ya kafyu."

Wamalwa akainua kijiti chake. Wakaanza.

Safari hii Benta alihisi mambo yanakaa sawa. Okestra ilimwinua, akainuka. Ilimkaripia, akajibu. Hata Philip aliacha kumtolea macho. Wakafika mahali ambapo okestra yote hunyamaza, fidla ikabaki peke yake kwa muda mrefu, ikizunguka na kupanda kama mtu anayezungumza na moyo wake. Wamalwa akashusha mikono. Ukumbi mzima ukawa wa Benta.

Ndipo kiti kikalia nyuma.

Odhiambo alikuwa amesimama. Alikuja mbele kati ya viti, mkono juu, uso umemjaa fahari.

"Hapo hapo, nyara, binti yangu!" akanguruma. "Simamisha hapo! Mimi ndiye Odhiambo, mume wa Aketch! Mimi ndiye paka anayelala juu ya jiko la Mzungu na mkia hauungui! Nani ananijua?"

"Tunakujua!" wakaitikia nyuma, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwao, mtu wa orutu akipiga peke yake, msikilizaji ana haki ya kumsimamisha, amtupie sarafu na ajisifu mbele ya watu, na mpigaji hungoja kwa adabu mpaka amalize. Ukiendelea kupiga, ni kama umemtemea mate. Okestra ilipokuwa ikipiga, walinyamaza kama walivyoambiwa. Sasa okestra imenyamaza, imebaki fidla na mtoto wao. Odhiambo angengoja nini tena?

Mkono wa Benta ulishuka wenyewe. Alikuwa amemwona marehemu baba yake akiushusha wake hivyo hivyo mara nyingi mno. Upinde ulikuwa umeshatulia kando ya sketi yake alipokumbuka utepe.

"Toka!" Safari hii Wamalwa alipiga kelele. "Toka nje, mshenzi wewe! Tokeni wote! Nani aliwaambia mna la kusema? Mmeletwa hapa kumeza mwangwi, kama hayo magunia!"

Kigelegele kilikatika. Odhiambo alibaki ameshika sarafu yake hewani. Akaangalia magunia ukutani, akaangalia watu wake vitini, kisha akamwangalia Benta, na Benta akatazama sakafu. Wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyesukuma kiti.

"Philip," Wamalwa akasema akihema, "kaa tayari."

"Niko tayari tangu mwaka jana," Philip akajibu.

Muthoka alivua vipokea sauti vyake vya masikioni. "Sikiliza, Bwana Wamalwa. Utepe uko sawa mpaka pale mzee aliposimama. Umebaki wa kutosha kumalizia. Tunaanza pale fidla inapobaki peke yake, tunakwenda mpaka mwisho, halafu mimi nakata kwa wembe na kuunga. Lakini nataka watu wale wale, kwenye viti vile vile. Bila wao itasikika kama mtu amehamia ndani ya tangi la maji. Apige Philip, apige malaika, ni mamoja."

Wamalwa alimgeukia Benta na kushusha sauti yake ile. "Watu wako. Nenda ukawarudishe. Na uwaambie wafunge midomo."

Nje jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha lori. Odhiambo alikuwa amelegeza tai.

"Baba," Benta akasema.

"Umetumwa?"

"Wanaomba mrudi."

"Nani anaomba?"

Benta akautazama mlango wa ukumbi.

"Nilidhani tumealikwa," Odhiambo akasema. "Nimewaambia watu hawa, vaeni vizuri, mtoto wetu anatuita. Kumbe ulijua. Umetuleta hapa tuwe magunia."

"Sikujua atasema vile."

"Lakini ulijua."

Ni kweli alijua. Alisimama pale, akaona wazi kabisa vile itakavyokuwa: lori litaondoka, Philip atapiga ndani ya tangi la maji, na redio haitasema jina la mtu yeyote wa kwao. Akasema kwa haraka, kabla woga haujamkamata, "Anakuja mwenyewe kuwaomba. Nimetangulia tu kuwaambia."

Aliporudi ndani, Wamalwa alikuwa akipekua kurasa.

"Wanakuja?"

"Wanakungoja wewe."

"Wananingoja mimi?"

"Nimewaambia unakuja kuwaomba radhi." Safari hii sauti haikumkwama. Wagoa wote waliinua vichwa. "Usipokwenda hawarudi, na mimi sipigi."

Wamalwa alimsogelea mpaka Benta akasikia harufu ya jasho na sabuni. "Ukinitendea hivi leo," akanong'ona, "hutaligusa tungo langu tena maisha yako yote."

"Sawa," Benta akasema. "Lakini la leo nitalipiga mimi."

Muthoka alikohoa, akaonyesha saa yake. Wamalwa akaweka kijiti chini taratibu, kama mtu anayejizuia kukivunja, akatoka.

Benta aliangalia kutoka mlangoni. Odhiambo hakugeuka mara moja. Alikuwa akimweleza dereva habari za tairi, na aliendelea kueleza mpaka habari zenyewe zikaisha. Wamalwa akasema jambo.

"Paza sauti, mwalimu," Odhiambo akasema. "Hawa wa nyuma ni magunia, masikio yao mazito."

Watu wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Shingo ya Wamalwa ilikakamaa.

"Nimewakosea," akasema kwa sauti. "Nawaomba mrudi."

Wakarudi. Walikaa kila mtu mahali pake, mikono magotini, nyuso zimefungwa. Odhiambo alipopita karibu na Benta alisema, bila kusimama, "Piga. Hatupumui."

Benta akainua fidla. Katika ukumbi ule hakukuwa na mtu mmoja aliyemtakia mema: mtunzi alimchukia, Philip alimchukia, na watu wake mwenyewe walikuwa wameuma meno. Hasira yao ilikuwa kimya kuliko kanisa wakati wa sala. Hakuna kiti kilicholia, hakuna kitambaa kilichosugua kingine. Katika kimya hicho alipiga yote, mizunguko na mipando, na alipofika kwenye noti ile ndefu inayotetemeka alikaa nayo kidogo kuliko ilivyoandikwa. Wamalwa alilazimika kumngoja. Kisha okestra ikaingia chini yake, wakaenda pamoja mpaka mwisho.

Muthoka akainua mkono, akangoja, akazima mashine.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa Ruiru walisimama na kutoka. Wamalwa alikusanya karatasi zake. "Philip," akasema, "uje Kamenu kesho. Tunaanza upya na wewe."

"Sijawahi kupata ukumbi mtulivu namna hii," Muthoka alisema peke yake akirudisha utepe nyuma. Akamnyooshea Benta vipokea sauti. "Unataka kusikia? Ni dakika chache tu."

Akavivaa. Mwanzoni kulikuwa na mvumo tu, halafu fidla ikaanza, karibu kabisa, kama iko ndani ya kichwa chake. Honi ya lori ililia nje ikimwita, ndefu, ya hasira. Benta alivikandamiza masikioni kwa mikono miwili, akafumba macho, akaendelea kusikiliza.