Kwato za Pikapu ya Obadia

Siku ya gulio, Filbert alikuwa kwenye kibanda chake cha matairi karibu na stendi ya Ruangwa, amelala chali chini ya pikapu ya Obadia, grainda mkononi, anakata madigadi. Matairi mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani. Yalikuja juu ya basi la Dar, makubwa, meusi, yana meno mapana kama matofali, na hayakuenea. Ukikata kona yanasugua bodi. Basi, bodi ikatwe.

Shilinde alikuwa kwenye benchi akisubiri baiskeli yake izibwe pancha, kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe likiwa kati ya miguu yake. Filbert alipoona tairi la kwanza linamshinda kunyanyua, akamwita. Shilinde ni mtu wa mwili. Alilikumbatia anavyokumbatia ndama akalipachika kwenye bolti zake, kisha akapachika na mengine.

Obadia akacheka. "Wasukuma mna nguvu, bwana! Kumbe mkiacha kuchunga, kazi mnaiweza."

"Tunaiweza, kamanda," Shilinde akasema.

Walitoka kijiji kimoja, upande wa Lionja. Obadia alikuwa mnunuzi wa korosho na kamanda wa mgambo. Shilinde alikuwa mfugaji, alihamia huko kutoka Kanda ya Ziwa na mkewe Rahabu, mwanawe Masanja, na ng'ombe wao. Obadia aliyataka matairi yale kwa sababu moja, na hakuificha: akiwafukuza ng'ombe wa wafugaji, wakiingia porini gari lake hukwama. Sasa atawafuata hata mtoni.

Filbert alikaza nati ya mwisho akajifuta mikono. "Nakwambia mapema, kamanda, usije ukanilaumu. Haya ni mazito. Stelingi itakuwa ngumu, gari litabugia mafuta, breki hazitashika kama zamani. Na mshale wa spidi utakudanganya. Utakwambia sitini, kumbe ulishapita."

"Breki za nini?" Obadia akasema. "Wao ndio wapishe."

Kesho yake mchana Masanja alikuwa anavusha ng'ombe barabara, na Obadia hakupunguza mwendo. Ng'ombe walitawanyika wote isipokuwa Mabaka, jike mzee ambaye mbio hakuzijua hata ujanani. Gari lilimpanda mgongoni likaning'inia juu yake, magurudumu ya nyuma yakizunguka na yeye analia chini. Obadia akarudi nyuma, akashuka kumtazama, akapanda tena akamrudia. Masanja alikuwa amemshika pembe, anamwita kwa jina, mpaka mbavu zilipokwisha kuvunjika. Mgambo waliopanda nyuma ya gari wakaruka na mapanga, wakagawana nyama pale pale, na kamati ya kijiji ikapelekewa maini. Masanja alichapwa kwa kuzuia njia.

Tangu siku hiyo pikapu ya Obadia ikawa inaacha kwato. Mahali pa meno ya tairi palikuwa na kwato za ng'ombe, mstari wa kushoto na mstari wa kulia, zimetulia kabisa. Wa kwanza kuziona ni watoto waliokuwa wanakwenda shule, kisha akina mama wakifagia nyua zao, na kila mmoja akafagia akaendelea na shughuli. Obadia alirudi Ruangwa kulalamika. Filbert akachuchumaa, akatazama nyuma ya gari, akapima upepo.

"Stelingi nilikwambia, breki nilikwambia," akasema. "Kwato sikukwambia, maana sikujua. Lakini upepo uko sawa."

Obadia akaridhika. Gari lilikuwa linapita popote.

Sasa, kijiji kile kina utaratibu wake, na ni mzuri tu ukiusikia kwa mbali. Shamba likivamiwa hakuna kupayuka. Unyayo unafunikwa kwa beseni usifutike, kamati inaitwa, na mwenye unyayo ndiye mwenye kosa. Wakulima na wafugaji waliupitisha pamoja, na Shilinde alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa kuwa kwato ndiyo elimu yake. Anamjua kila ng'ombe kwa kukanyaga kwake, awe wake, awe wa jirani. Mara nyingi alikwishainama shambani kwa mtu na kusema, bila kulazimishwa, "Huyu ni wangu," akatoa fidia akaenda zake. Mwenyekiti Modest alikuwa akimsifu mikutanoni: Mzee Shilinde hawezi kumkana ng'ombe wake. Na kweli hawezi.

Ukaja msimu wa kuvuna ufuta. Beatrisi, mjane, alikuwa amekata wa kwake na kuusimamisha mafungu mafungu ukauke. Obadia alikuwa na haraka ya kwenda ghalani, akakata njia katikati ya shamba. Beatrisi alikuwepo. Alilikimbiza gari akipiga kelele na mundu mkononi, akaachiwa vumbi, na ufuta umemwagika ardhini, ule ambao ukishamwagika hauokoteki. Kwenye mchanga zilibaki kwato. Haukupita muda mgambo wakamkamata Masanja mtoni akinywesha, wakamleta shambani, wakamfunga kwenye mkorosho wa mpakani na kumpiga kwa zamu. Shilinde na Rahabu walipofika, jicho moja la mtoto wao lilikuwa limejifunga na meno ya mbele hayapo.

"Mimi nimeliona gari, Mwenyekiti, kwa macho yangu haya," Beatrisi alikuwa anasema. "Ng'ombe sikumwona."

"Tumekusikia, mama. Gari la kamanda linaacha kwato, nani hajui? Hilo halina ubishi. Ila utaratibu unataja unyayo, gari hauitaji." Modest akafunua beseni. "Mzee Shilinde, tazama. Kama si wako, mwanao anafunguliwa sasa hivi. Kama ni wako, ng'ombe wote wanachukuliwa."

Rahabu alimshika mumewe mkono. "Baba Masanja, sema si wetu. Neno moja tu. Nakuomba."

Shilinde alichuchumaa. Ukwato wa mbele wa kushoto ulikuwa na pengo upande wa nje, pale Mabaka alipokanyaga jembe mwaka wa kuhama. Masanja alikulia kwenye maziwa ya ng'ombe huyo. Shilinde alifikiri, na alifikiri vizuri kabisa, kwamba watu hawa wote walikula nyama ya Mabaka. Wakijua unyayo ni wa Mabaka, watajua pia ni nani aliyempitisha hapa, na ukweli ukitoka wote mtoto atafunguliwa. Aliamini hivyo, maskini ya Mungu.

"Ni Mabaka," akasema. "Ni wangu. Lakini Mabaka amekufa, na mliomla ni ninyi."

"Kasema ni wake," Modest akasema, akajikung'uta magoti. "Wote mmesikia."

Rahabu akampiga mumewe kofi la uso mbele ya mkutano. Shilinde hakuinua mkono.

Obadia alimfungua Masanja yeye mwenyewe. "Haya, kimbia mbele utuonyeshe zizi." Masanja akakimbia, pekupeku, anayumba, na pikapu ikamfuata kwa nyuma ikimpigia honi. Wako waliocheka. Kwenye fungu la ufuta akajikwaa, akaanguka. Labda Obadia alikanyaga breki, labda hakukanyaga. Filbert alikwishasema hazishiki. Magurudumu ya mbele yakapita, na ya nyuma yakapita. Beatrisi akatupa mundu wake, ukapasua kioo cha taa, na kwa hilo mgambo mmoja akamvunja mkono.

Walimlaza Masanja nyuma ya pikapu ile ile wakamkimbiza Nachingwea, akafia njiani. Aliyeupima mwili alikuta kwato kifuani, zimezama mpaka kwenye mbavu, mojawapo ina pengo. Akasema kijana amekanyagwa na ng'ombe, na hakusema uongo. Alipouliza ng'ombe ni wa nani, akaambiwa mwenyewe keshakiri mbele ya kijiji kizima. Shilinde akaonywa kuhusu kuachia mifugo ovyo. Obadia alipewa asante kwa kutoa usafiri.

Wakazika. Ng'ombe wakachukuliwa.

Baada ya maziko kwato zilikoma, pikapu ikawa inaacha nyayo za mtu. Zilikuwa za mtu pekupeku anayekimbia, na mguu wa kulia haukuwa na kidole kidogo, kwa sababu cha Masanja kiliondoka na panga utotoni. Rahabu alizikuta asubuhi mbele ya nyumba, ndoo ya maji ikiwa kichwani. Aliitua ndoo, akaingia ndani, akatoka na sufuria akaufunika mmoja. Siku zilizofuata akafunika zaidi, kwa beseni, kwa ungo, kwa chungu, mpaka nyumbani hakukubaki chombo, akawa anapikia kwa Beatrisi, ambaye naye alihitaji mtu wa kumsaidia kwa ule mkono wake. Tangu siku ya shamba Rahabu alikuwa hamsemeshi mumewe. Shilinde alishinda karibu na zile sufuria akifukuza kuku.

Kisha mihogo ya jirani ikavunjwavunjwa, na pembeni ya matuta kukakutwa nyayo za mtu anayekimbia. Mgambo wakaja kumwita Masanja. Kwa kuwa hakuwepo, wakawachukua wazazi wake.

Modest hakuwa mtu katili. Alizungumza taratibu. "Mzee Shilinde, ng'ombe huna tena, kwa hiyo adhabu imebaki moja: mwenye unyayo na watu wake wahame. Lakini mna msiba. Kaburi la mtoto liko hapa hapa. Ukisema si wake, yameisha, mnarudi nyumbani."

Akafunua beseni.

Safari hii Shilinde alikuwa amejiandaa. Tangu alfajiri alikuwa analirudiarudia neno lile, si wake, si wake, mpaka likawa jepesi mdomoni. Aliinama akaona mahali pa kile kidole. Alifungua mdomo, neno likagoma kutoka. Akainua macho kumtazama mkewe.

Rahabu akapiga magoti. Akaweka kiganja ndani ya unyayo, akakiacha humo.

"Ni wa mwanangu," akasema. "Alipita hapa anakimbia."

"Wote mmesikia," Modest akasema.

Mgambo waliwafunga mikono kwa kamba, wakaifunga ile kamba nyuma ya pikapu, wasindikizwe mpaka barabara ya Ruangwa. Mmoja alimpiga Shilinde kitako cha bunduki usoni, bila sababu. Damu ilimtoka Shilinde puani ikadondokea mchangani. Obadia alipowasha gari, Rahabu akagonga bodi kwa mikono yake miwili iliyofungwa, na Obadia akatoa kichwa dirishani.

"Nini tena, mama?"

"Nenda polepole, baba," Rahabu akasema. "Nyayo zitoke vizuri."

Obadia akasema hilo halina shida, gari lenyewe siku hizi ni zito. Akaingiza gia ya kwanza. Shilinde na Rahabu wakafuata nyuma, mmoja kushoto, mmoja kulia, macho chini, wakiangalia wasizikanyage.