Mkono wa Likizo

"Kapu litakaa mbele, miguuni pa mtoto," mke alisema. "Nyuma kuna madumu ya petroli."

"Weka kapu unapotaka. Mkono hauendi," mama mkwe akajibu.

"Likizo yake inaisha kesho, Mama."

"Iishe! Mkono ule nimeuzaa mimi, halikuuzaa jeshi."

Walikuwa wakibishana tangu mikate ya asubuhi ilipotoka tanurini, na sasa ilikuwa imeshapoa. Mkono wenyewe ulikuwa mwisho wa meza, ukikanda unga. Ulikuwa mkono wa kulia wa mume, mwokaji, ukiishia chini kidogo ya kiwiko. Ulifika kwa basi wiki iliyopita, kibali kimefungwa kwa uzi kwenye kifundo.

Tangu vita vipambe moto, jeshi halikuweza tena kumpa mtu likizo akiwa mzima, kwa hiyo lilitoa likizo kwa kiungo. Mwaka jana lilikuja sikio la kushoto. Lililala kwenye mto likisikiliza nyumba, na Kasuku, binti yao wa miaka saba, alilisimulia mambo mpaka likawa jekundu. Safari hii walipata mkono, na majirani walisema wamebahatika.

Familia iliyorudisha kiungo kwa gari lake yenyewe iliruhusiwa kuonana na askari wao langoni, kwa muda wa kikombe cha chai. Mke aliipanga safari hiyo kama anavyopanga oda ya mikate ya hospitali. Alibadilisha tairi bovu la gari la mikate. Alishona pazia la dirisha la upande wa Kasuku, asione yaliyolala kando ya barabara. Aliwauliza madereva wa malori ni daraja gani bado lipo. Jioni alitandaza ramani mezani na mkono ukamsaidia. Mji ambao haukuwapo tena, mkono uliufunika kwa kiganja, naye akatafuta njia ya kuzunguka.

"Bila mkono wa kulia anafanya kazi gani kule?" mama mkwe aliuliza. "Si wewe uliyeniambia? Yuko jikoni, anachota maji. Ukimpelekea huo, keshokutwa yuko mstari wa mbele na bunduki. Unampelekea mwanangu kifo ndani ya kapu, tena umelitandikia kitambaa!"

"Mkono usiporudi wanamhesabu mtoro. Na mtoro wanamfanya nini, Mama? Haya, niambie."

Mama mkwe aligeukia mikate, akaanza kuihesabu.

"Wanampiga risasi," alisema Kasuku, mkate mdomoni.

"Wewe nyamaza," mama yake alisema.

"Si umeuliza?"

Mkono ulibonyeza donge kwa kidole gumba, ukangoja shimo lijae, ukaridhika, ukaanza kukata matonge.

Mshonaji wa nyumba ya pili aliingia kununua mkate. Aliwakuta wamepeana mgongo, akajua wametoka kugombana, kwa hiyo akazungumza yeye. Mumewe alikuwa amerudishwa kutoka vitani, miguu yote miwili, ila mmoja haukuwa wake.

"Niliwaambia pale stoo ya jeshi, jamani, mume wangu anavaa namba saba, huu ni namba tisa. Wakanijibu, mama, hapa tunahesabu, hatupimi." Alichagua mkate ulioiva zaidi. "Sasa mguu wenyewe unagoma mlangoni pa chumba changu. Una haya kuliko mwenye nyumba."

Alipotoka, mama mkwe aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia juu ya meza. Ulikuwa ukitetemeka kama kawaida yake.

"Wanahesabu, hawapimi," alisema.

Mke alielewa papo hapo, akakunja mkono wa gauni lake. "Tutapeleka wangu."

"Usukani utashika kwa meno?"

"Wa kwako haushiki hata kikombe, Mama."

"Ndiyo maana. Wampe bunduki, tuone atampiga nani. Watamrudisha jikoni kabla jua halijazama."

Mke aliushusha mkono wa gauni. Alimvutia kiti.

Mama mkwe aliketi, akaushika mkono wake chini ya kiwiko, akauzungusha pole pole kama mtu anayevua kiatu kilichombana. Ulitoka kwa mlio mdogo, wa kifuniko cha chupa ya mafuta. Ngozi ikajifunga.

"Unauma?" mke aliuliza.

"Nimezaa mimi. Lete maji."

Mke aliuosha ule mkono, akaukata kucha, akavua pete na kumpa mwenyewe. Akauhamishia kibali na uzi wake. Mkono wa mume uliacha matonge, ukatambaa mezani kwa vidole, ukaushika wa mama yake, ukatulia hapo. Mke aliwaacha kidogo, kisha akasema barabara itafungwa. Mkono ukaachia.

"Moto uko juu," aliuambia. "Mikate isiungue."

Akafunga mlango, wakaondoka watatu, kapu miguuni pa Kasuku.

Kwenye kizuizi cha kwanza walipanga foleni. Mbele yao lilisimama lori lililojaa miguu, yote imevaa buti, ikigongana taratibu kila lori lilipotingishika. Ilipofika zamu yao, askari alifunua kapu.

"Mmoja. Wa kulia." Alisoma kibali, kisha akaugeuza mkono, akatazama mishipa na makunyanzi. "Mbona umezeeka hivi?"

Kasuku alifungua mdomo. Mama yake akautia kipande cha mkate.

"Ni vita, mwanangu," mama mkwe alisema, ameficha kigutu chini ya khanga.

Askari aliitikia kwa kichwa. "Yote inarudi hivyo," alisema, akafunika kapu vizuri kwa kitambaa chake, akainua kizuizi.

Mke akatia gia.