Urefu wa Mama

...ni kusimama tu, hakuna zaidi, kusimama kama watu wanavyosimama kanisani, na Eliza ameshaweka mkono mmoja chini kwenye khanga aliyoitandika, lakini magoti hayataki, magoti yamesikia kabla yake, "Mama Leah, hebu simama kidogo tukuone," amesema Mwalimu Stefano aliyetoka kituo cha vipaji Dodoma, na amesema kwa upole, hana ubaya mtu wa watu, amewaeleza wazazi wote hapa pembeni ya uwanja kwamba kipa anayemtaka ni mmoja, na waliobaki ni wawili, Leah na Janeth, wote wanadaka vizuri, wote wana miaka kumi na mitatu, na mtoto wa umri huo huwezi kujua urefu wake utaishia wapi, goli la wakubwa liko juu na halimshukii mtu, kwa hiyo yeye akikwama huwatazama mama zao, ndivyo alivyozoea... na mama yake Janeth kasimama tayari, mwanamke mrefu huyo, upepo wa Ikungi unamvuta sketi, anacheka kwa aibu, hajui kama anasifiwa au anapimwa, na Eliza akisimama atakuwa yuleyule Eliza, wa kuishia kifuani kwa watu, ambaye Gerald mumewe humtania kwamba akiingia kwenye shamba la alizeti abebe filimbi, na mwalimu ataona, atashusha pumzi, atasema mtoto ana mikono mizuri lakini, na hiyo lakini itakuwa ndiyo mwisho wa kila kitu, shule ya bweni, glavu mpya, yote, kwa sababu ya miguu ambayo haikumzaa huyu mtoto.

Haikumzaa... tazama, limepita hilo neno, mchana kweupe, na hakuna aliyegeuka, mbuzi wanakula nyuma ya goli, jua ni lilelile, vumbi linapanda na kutulia polepole na ndani ya vumbi Leah amesimama mikono kiunoni, na mikono kiunoni ilikuwa ya Kristina, dada yake, Kristina wa Nduguti aliyekuwa akianika mtama juu ya paa la tembe bila kupanda kitu, ananyoosha tu mkono na ungo unakaa, huku Eliza anahangaika na kigoda, "wewe ulizaliwa jioni, udongo ulikuwa umekwisha," Kristina alikuwa akimwambia, wanacheka mpaka mama yao anawafokea, na mwaka haukupita Kristina akalala chini ya udongo huohuo, kaacha kichanga ambacho hata shingo hakijakaza, na mwenye mimba yake hakuonekana tena, Eliza akakibeba, akaja nacho Ikungi kwa Gerald, na mwanamke wa kwanza aliyemkuta kisimani akamuuliza mtoto anaitwa nani, Leah, akasema basi karibu, Mama Leah, hivyo tu, hakudanganya, aliitikia tu, akaendelea kuitikia... nitamwambia akianza shule, nitamwambia akifika la nne, nitamwambia akivunja ungo, na kila lilipofika akaona mtoto ana furaha, kwa nini umharibie siku, "huyu haangalii mpira, anaangalia kiuno cha mpigaji," mwalimu alisema asubuhi wakati Leah ameokoa penalti, alisema jambo hilo halifundishwi, mtu huja nalo, na Eliza alijaa sifa pale alipokaa, akapokea pongezi za kipaji ambacho hakukitoa yeye, "Mama, simama basi, mwalimu anangoja," hiyo ni sauti ya Leah, ina kicheko ndani, anadhani mama yake anaona haya mbele za watu.

Na mwalimu hajui, angejuaje, anataka kukisia jambo ambalo Eliza ameshaliona kwa macho, mwezi uliopita Leah alikuwa anaanua nguo, mgongo ameupa mlango, mikono ya sweta imeshakuwa mifupi kwake, akajinyoosha kufikia pini ya mwisho na Eliza akaangusha sufuria ya maziwa, maana aliyekuwa pale kwenye kamba alikuwa Kristina, urefu wa Leah akiwa na miaka ishirini Eliza anaujua, umeshapita mbele yake Nduguti umebeba ndoo, anajua utakavyoinama mlangoni, anajua hata utakavyocheka... akilisema, Leah atamtazamaje, atamwita nani, mama mdogo, au hatamwita kabisa, na akinyamaza hakuna atakayejua, Janeth ataondoka, Leah atalia siku kadhaa, atapikiwa wali kuku, atabaki nyumbani, ni wake, na hapo Eliza anashtuka jinsi wazo hilo lilivyo tamu, linampoza kabisa, na kwa utamu huo anajiona, anaona kwamba miaka yote hii hakuwa anamlinda mtoto, alikuwa anajilinda yeye, na sasa kusimama hapa kimya ni kumwibia marehemu, Kristina hakuacha shamba wala ng'ombe wala hata picha, alimwachia mwanawe mifupa mirefu, basi, hicho tu, na mdogo wake ndiye anataka kuikalia, na inamuuma, inamuuma kweli, "Mama Leah?" mwalimu anaita tena, bado upole uleule, mkono wa Eliza bado uko chini, magoti bado hayajanyooka, wazazi bado wanatazama, lakini hofu imekaa pembeni kidogo, imempa nafasi, na anajua halitasemwa hapa mbele za watu, Leah hatalisikia kutoka kwa umati, atamwomba mwalimu dakika chache, atamshika mtoto mkono wampite kila mtu mpaka kule kwenye mashina ya alizeti, atamwambia jina la Kristina kwanza kabla ya neno lingine lolote, atamwambia alivyokuwa mrefu, na kama baada ya hapo Leah hatamwita tena mama, basi ataitika vyovyote atakavyoitwa.