Mastraika Watupu

Kocha akiondoka huwa haondoki peke yake. Rosaline Wakiuru alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Kitale, maana alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya chuo kwa miaka mingi, na makocha wakuu walikuwa wakija na kwenda kama wapangaji. Safari hii aliyeondoka ni Bramwel. Alipata kazi katika chuo kimoja upande wa Machakos, akafunga mizigo bila hata kuaga vizuri, na nyuma yake wakaondoka mabeki wote waliokuwa na akili ya kukaba. Rosaline akabaki na golikipa, koni za mazoezi na maumivu ya mgongo.

Kisha akaja Kibe. Kijana mtanashati, filimbi shingoni, maneno mengi. Naye hakuja peke yake, alikuja na mastraika. Kila msichana aliyemjua huko alikotoka, mradi anaweza kupiga mpira golini, alimpa nafasi ya kusomeshwa bure na chuo, na nafasi zenyewe hazikuwa nyingi. Timu ikawa ya mastraika watupu. Katika mechi ya kirafiki walifunga mabao manne wakafungwa matano, na Kibe akapiga makofi, ati tumeburudisha watu.

"Na nani atakaba?" Rosaline alimuuliza. "Kuna yule msichana wa Myanga, Nelima. Nilimwahidi nafasi tangu wakati wa Bramwel. Huyo ni beki wa kweli, bana."

"Madam, ahadi za Bramwel aliondoka nazo mwenyewe," Kibe alisema huku akiangalia simu. "Nafasi zimejaa. Mwambie ajaribu mwakani."

Mwambie! Ndivyo wanavyosema wote. Wao wanapanga na kupangua, halafu msaidizi ndiye anayetumwa kwenda kuangalia watu machoni. Rosaline alikuwa amechoka na kazi hiyo, amechoka hadi kwenye mifupa. Lakini Jumamosi alivaa viatu vyake vya kutembelea akaenda Myanga, kwa sababu habari kama ile humwambii mtu kwa simu. Kutoka Kitale mpaka Kamukuywa, na kutoka Kamukuywa mpaka Bungoma, alikuwa akipanga maneno. Atayasema mlangoni, kabla hajaketi, kisha ageuze njia.

Sasa nani amewahi kufika kwenye boma la Mbukusu akaachwa aseme jambo mlangoni? Peris, mama yake Nelima, alikuwa ameshachinja.

"Karibu mwalimu, karibu sana! Hapana, usiniambie kitu. Kwanza ule."

Ndani alikuwepo Nakhungu, ndugu ya marehemu baba yake Nelima, ambaye tangu msiba ule ndiye aliyekuwa akisimama kama mwenye mji. Nelima akapita akiwanawisha watu mikono, msichana mrefu, mabega mapana, aibu nyingi. Ugali ukaletwa, kuku akaletwa mzima. Peris akachagua firigisi, ile ambayo wenyewe huiita imondo, akaiweka katika sahani ya Rosaline.

Wote wakaiangalia sahani ile. Rosaline alizaliwa na Wakikuyu wa Trans-Nzoia, lakini alikuwa amekula na Wabukusu maisha yake yote, na alijua fika kwamba imondo ni ya mwenye mji. Nakhungu alikuwa ameachia fungu lake. Hapo ndipo Rosaline alipaswa kuirudisha na kusema kilichomleta. Lakini mama yake alimlea akimwambia kwamba chakula cha mtu hakikataliwi, na zaidi ya hayo alikuwa na njaa, na huo uchovu. Akaila yote.

"Basi wewe ndiye baba yake Nelima sasa," Nakhungu alisema akicheka. "Mimi nimestaafu."

Mungu wangu. Rosaline aliweka tonge chini.

"Sikufaa kuila," alisema. "Nimekuja na habari mbaya." Akawaeleza yote, Kibe na mastraika wake na nafasi zilizojaa, bila kujitetea.

Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Nelima aliinuka akatoka nje, na Peris akafuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Kocha Bramwel alitupigia," Peris alisema polepole. "Alitaka kumpeleka Nelima Machakos, chuo kigharamie kila kitu. Nikamwambia hapana, huyu mtoto nimempa mwalimu Rosaline. Akapiga tena. Nikamwambia hivyo hivyo. Si wewe ulisema nikuamini?"

Rosaline aliona kwamba kama asingewahi kufika nyumba hii na ile ahadi yake, msichana huyu angekuwa mwanafunzi Machakos sasa hivi.

"Mwalimu," Nakhungu alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Imondo umekula. Mwenye mji hasemi hajui la kufanya. Fanya kitu."

Rosaline alikuwa ameapa kutozungumza tena na Bramwel. Akatoa simu akampigia.

"Rosaline! Nilidhani umeninunia."

"Nimekununia. Ile nafasi ya Nelima bado ipo?"

"Ai, ilienda zamani. Nimejaza mabeki mpaka basi. Tunacheza hatufungwi, lakini pia hatufungi, tunatoka sare kila siku mpaka watu wanalala uwanjani. Nimebakisha nafasi moja tu, na hiyo ni ya straika. Kama unaye, nipe hata leo."

Mastraika! Rosaline alikuwa nao wa kugawa. Akampigia Kibe, akamweleza: mmoja aende Machakos, nafasi yake apewe Nelima. Kibe hakubisha. Huenda alikuwa anayakumbuka yale mabao matano.

"Sawa, madam. Toa Chepkemoi, ndiye aliyekuja mwisho. Lakini kumwambia ni kazi yako. Mimi mambo ya machozi siyawezi."

Chepkemoi wa Endebess alikuwa na mtoto mdogo anayeshinda kwa bibi yake. Vyuo vya mbali vilimtaka, akavikataa vyote, akachagua Kitale ili kila jioni arudi kulala na mwanawe. Alimweleza Rosaline hayo siku ya kwanza ya mazoezi, na Rosaline akamwambia asiwe na wasiwasi, amefika nyumbani.

Nelima alikuwa amerudi mlangoni, macho mekundu. Rosaline alimtazama, akamtazama mama yake.

"Nafasi umepata," akasema.

Peris akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Nakhungu akampa Rosaline mkono kwa mikono yake yote miwili. Rosaline akaanza kulia, na wao wakamshika mabega wakimwambia mwalimu una roho nzuri, jamani, una roho ya kipekee.

Walimsindikiza hadi barabarani. Walipogeuka kurudi, alipiga simu ya mwisho.

"Niaje, mwalimu!" Sauti ya Chepkemoi ilijaa furaha, na karibu naye mtoto alikuwa akibwabwaja.

"Sasa, Chepkemoi. Jumatatu njoo uwanjani mapema, kabla ya wenzako. Nataka tuongee."

"Ai! Mwalimu, ni namba nimepata?"

Rosaline aliinua mkono kusimamisha matatu.

"Njoo tu, mama."

"Nakuja! Nitafika hata kabla yako," Chepkemoi alisema, na kabla simu haijakatika Rosaline akamsikia akimwambia mtoto wake kwamba mama sasa atacheza kila mechi.