Titi la Mama Kasimiri

Nilizaliwa Temeke mwaka 1968. Siku ya tatu mama yangu, Mwajabu, akashikwa na homa kali, akalazwa hospitali majuma sita. Mie nikabaki nyumbani nalia njaa.

Chumba cha pili kilikuwa cha Margareta, Mkatoliki wa Masasi, mke wa mchonga vinyago. Alikuwa ananyonyesha mwanawe, Kasimiri. Hakungoja kuombwa. Alinichukua, akanipa titi moja, Kasimiri jingine.

Shangazi yangu Hija alikuja kutoka Kisarawe kumsaidia baba. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alimkuta Margareta ananifanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso kabla ya kuninyonyesha.

“Mama Kasimiri, huyu mtoto wa Kiislamu. Unamwombea kwa Mungu yupi?”

Margareta hakuinua uso. “Mie namjua mmoja tu, dada Hija. Kama wako ni mwingine, mwite naye aje. Mtoto mwenyewe si unamwona alivyokonda.”

Shangazi alikasirika, akamfuata baba kazini bandarini. Baba akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Hilo la Mungu mie silijui. Maziwa unayo wewe?”

Basi shangazi akarudi, akaketi kwenye mkeka karibu na Margareta. Kila niliponyonyeshwa, mmoja alifanya msalaba, mwingine akasema bismillahi. Mama aliporudi alinikuta nina mashavu.

Nikakua naye Kasimiri kama pacha. Idi alikula kwetu, Krismasi nikala kwao, na nguo tulishonewa kitambaa kimoja cha kiwanda cha Urafiki. Watu walipotutania kwamba tutaoana, shangazi alikuwa mkali: “Hawa ndugu! Wamenyonya kwa mama mmoja!”

Mwaka 1975 kina Kasimiri wakarudi kwao Masasi, kwenye kijiji cha ujamaa. Mama alilia siku mbili, na chumba kile hakikupata tena mpangaji tuliyempenda.

Miaka minane baadaye Kasimiri akaandika kwamba mama yake amefariki. Shangazi, aliyekwisha kuzeeka, alitaka tusome hitima. Mwalimu wa chuo cha Kurani akakataa: marehemu hakuwa Mwislamu. Shangazi hakubishana naye. Alipika pilau, akawaita majirani wakala, akabaki ameketi uani na tasbihi yake.

“Huko kwao wanasoma nini?” akaniuliza.

“Rozari, shangazi.”

“Nayo ina shanga?”

“Ina shanga.”

Akaendelea kuhesabu shanga za tasbihi yake.