Tofali Lililosimama

Mzee Timazi hakuwa na jina hilo kwenye cheti chochote. Alibandikwa na mafundi wenzake zamani, jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda bila kusimama na kuguna, hata kama ukuta wenyewe ni wa watu na yeye anawahi msibani. Miaka thelathini na mmoja alijenga matofali. Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni, ikakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga, na tangu mwaka juzi mwiko wake ulining'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, safi kuliko ulivyowahi kuwa.

Kukaa nyumbani hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Kuta zote alizojenga zilipigwa plasta, zikapakwa rangi, na sifa akazibeba fundi wa rangi. Hata alama yake ilizikwa humo. Maana alikuwa na alama: katika kila nyumba, upande wa kulia wa mlango mkubwa, usawa wa kiuno, alichomeka nusu tofali likiwa limesimama wima katikati ya wenzake waliolala. Hakuna aliyemtuma. Alama yenyewe ilionekana siku nne, tano, halafu plasta ikapita juu yake na hadithi ikaishia hapo.

"Nimefanya kazi ya kufichwa," alimwambia mkewe asubuhi moja.

Mkewe hakuwa mtu wa kubembeleza. "Hata mifupa imefichwa, baba watoto, na ndiyo iliyokusimamisha. Kunywa chai."

Chumba cha nyuma alikuwamo kitindamimba wao, binti wa miaka ishirini na minane, akitengeneza mchezo wa kompyuta peke yake. Ulikuwa mchezo wa bunduki wa mtindo wa zamani: picha za vipande vya mraba ambavyo ukiwa na subira unaweza kuvihesabu, korido zenye kona nyingi, mazimwi yanayochomoza gizani, na wewe mchezaji huonekani ila mikono yako tu, chini ya kioo, imeshika bunduki. Aliuingiza sokoni ungali mbichi. Sehemu ya kwanza ilikuwa tayari, nyingine bado zinapikwa, na wachezaji wakawa wanamwandikia kila kasoro wanayokutana nayo ili airekebishe.

"Yaani watu wanahamia nyumba haina paa?" mzee aliuliza.

"Wanahamia, baba. Halafu wananiambia panapovuja."

"Na hawakutukani?"

"Wapo wanaotukana."

"Basi huo ni ujenzi kweli," alisema, akavuta kiti.

Ndiyo siku alipoiona mikono ile. Binti alimwekea kibodi mapajani, akamwonyesha vitufe vinne vya kutembelea na kimoja kikubwa cha kufanyia kazi nyingine zote, vitufe ambavyo hata kwa upande wa kiganja vinabonyezeka. Mzee akabonyeza. Mikono kwenye kioo ikainuka, miepesi, ikageuka kushoto, ikageuka kulia. Akavitazama vidole vyake mwenyewe vilivyokakamaa, akarudi kwenye kioo, mdomo wazi.

"Hii mikono ya nani?"

"Yako, baba."

Alijisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia na kukizika. Laiti angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini Timazi ni Timazi. Alipomaliza kuishangaa mikono akatazama ukuta.

"Nani kajenga hapa?"

"Mimi."

"Umepanga matofali kama mtu anayepanga kreti za soda! Kiungo juu ya kiungo, kutoka chini mpaka juu, mstari mmoja. Tofali la juu linatakiwa lilalie mawili ya chini, yashikane. Huu ukuta wako mtu akipiga chafya unalala."

Binti alicheka. "Baba, ni picha. Haina uzito."

"Jicho linajua. Kumbe miaka yote ile uliyokuwa ukiniletea chakula saiti, hukuona kitu."

Kicheko kikakatika. Binti akanyoosha mkono, akazima kompyuta polepole, akasema ana kazi. Mzee alijua papo hapo kwamba ulimi umeteleza, lakini neno si tofali, huwezi kuling'oa na kulipanga upya. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, wahenga walisema. Methali hiyo ilimkera maisha yake yote, kwa nini kujenga ukuta kuwe ni adhabu. Siku hiyo aliielewa.

Miezi miwili mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa ukifungwa. Binti alitoka kula, akaamkia, akajibu alichoulizwa, akarudi. Kisha akatangaza: sehemu ya pili itatoka Jumamosi, saa nne asubuhi.

Hapo ndipo mzee alipoanza kungoja. Alimpa mkewe simu na miwani amsomee wanachoandika wachezaji. Mmoja aliomba ruhusa kazini. Mwingine alisema amerudia sehemu ya kwanza mara kumi na moja kwa kukosa subira, na bado anapapasa kila ukuta akitafuta milango ya siri, kama michezo ya zamani ilivyokuwa. Watu wa nchi ambazo mzee hakuweza hata kuzitamka walikuwa wakihesabu siku, kwa ajili ya kitu kilichokuwa kikijengwa hapa, nyuma ya mlango ule, karibu na ndoo ya kufulia. Jambo hilo lilimwogopesha na kumfurahisha kwa pamoja.

"Unangoja nini hasa?" mkewe alimuuliza Ijumaa. "Mazimwi?"

"Ukuta," alisema. "Nataka nikute ukuta mmoja tu uliojengwa sawasawa. Nijue kama kuna mtu alinitazama nikifanya kazi."

Mkewe alimwongezea chai bila kuombwa, na kwa mama yule hayo yalikuwa machozi.

Jumamosi saa nne kasoro robo mzee alikuwa ameshanyoa ndevu na kuvaa shati la kwendea mikutanoni. Binti alifungua mlango, akampisha kitini, akamwekea kibodi mapajani. Alikwenda kusimama dirishani, akawa anakunjakunja pindo la gauni.

Saa nne ikafika. Kioo kikawa cheusi, halafu kikafunguka.

Mzee aliona korido ndefu, na mwanga ukiingia kwa juu. Akasogea ukutani. Tofali la juu lililalia mawili ya chini. Safu iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Akaenda konani, mahali mafundi wababaishaji huumbukia, akakuta matofali yamepishana, moja la huku, moja la kule, kama vidole vya mtu anayeomba. Zimwi likamjia kwa nyuma, likamuua. Akarudi. Likamuua tena, naye akiwa bado anakagua kizingiti cha juu.

"Baba, piga risasi!"

"Subiri kwanza, hapa juu ya mlango umeweka linta!"

Alikuwa akihema. Kila alikogeuka kulikuwa na ukuta, hakuna hata mmoja uliopigwa plasta, na kila mmoja ulikuwa wake. Mtindo ule wa kumalizia kona ulikuwa wake. Upana ule wa mota kati ya tofali na tofali ulikuwa wake. Aliijua kazi ya mikono yake kama mtu anavyoujua mwandiko wake, na sasa alikuwa akitembea ndani yake, ukumbi baada ya ukumbi, mkubwa kuliko jengo lolote alilowahi kukabidhiwa.

Mwisho wa ukumbi wa tatu palikuwa na mlango mkubwa. Mzee hakuufungua. Shingo yake iligeuka yenyewe kulia, macho yakashuka usawa wa kiuno, kwa mazoea ya miaka.

Nusu tofali lilikuwa limesimama wima katikati ya wenzake waliolala.

Akapeleka kiganja kwenye kitufe kikubwa. Akabonyeza. Ukuta ukanguruma, ukapanda juu, ukafichua chumba kisicho na zimwi wala bunduki. Kilikuwa chumba cha nyumba inayojengwa, tundu la dirisha bado halina fremu, jua limejaa sakafuni. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na mwiko, na kando yake bakuli la chakula lenye mfuniko.

Simu ya binti ikaanza kulia mfululizo. Akasoma. "Wanaambiana, baba. 'Tafuta tofali lililosimama.' Huyu anasema amelipita mara tano bila kuliona, na sasa anazikagua hata kuta za kwake."

"Wangapi wameliona?"

"Mia nne na kitu. Saa moja haijaisha."

Mzee Timazi alilia, hakujificha, na shati la mikutanoni likapata kazi ya kufuta. Kisha akauliza lile lililokuwa likimzunguka kichwani.

"Nilikuwa nawaficha hata wenye nyumba. Wewe sikukuonyesha hata siku moja. Ulilijuaje?"

"Nilikuwa nasimama pale mlangoni nikingoja umalize kula nirudi na bakuli," alisema. "Lilikuwa usawa wa macho yangu."

Mzee akanyoosha mkono wake uliokakamaa, akaushusha hewani mpaka usawa wa kiuno, akaushikilia pale, anapima kimo cha mtoto.