Shimo la Siku Arobaini

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimeishi mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, tangu pakiwa mashamba ya mahindi, nimefukuza wezi wa kuku kwa mwiko, na shemeji yangu Mulama atakuambia kuwa nina mdomo. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaota, na homa sikuwa nayo.

Mwaka huo wa tisini na saba mume wangu Luseno alikuwa ametimiza miaka miwili bila kuonekana. Alikuwa utingo wa lori. Waliondoka na shehena ya sabuni kwenda Zaire, lori likapatikana limeachwa kando ya barabara, dereva na utingo wasijulikane waliko. Mimi nilibaki na ng'ombe mmoja, Kipusa, na maziwa yake ndiyo yaliyofanya mtaani niitwe Mama Maziwa, maana mtoto sikujaliwa.

Desemba Mulama alikuja kutoka kijijini kwetu Maragoli na ujumbe wa wazee. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavishwa nguo yake, ukazikwa badala yake. Baada ya hapo watu hulia, hunyoa nywele, na mambo yakaisha.

"Shemeji, ni miaka miwili sasa," Mulama aliniambia. "Roho ya ndugu yangu inatangatanga. Tupe hata shati lake tumlaze."

"Na kama yu hai? Mgomba ukiingia kaburini mwenyewe anapumua, si mtakuwa mmemuua nyinyi?"

Ndivyo wazee wenyewe wanavyoamini, naye alijua. Aliondoka bila shati. Jioni hiyo niliweka sahani ya Luseno mezani kama nilivyoiweka kila siku. Nilimpenda yule mwanamume, na sioni haya kusema.

Januari jua likawaka hadi nyasi za kando ya mto zikaisha. Nilimlisha Kipusa machicha ya bia na majani ya kabeji yanayotupwa soko la Kariobangi, lakini machicha yakizidi ng'ombe anaharisha, na maziwa yakaanza kupungua. Ndipo Nasike, afisa wa mifugo aliyekuwa akizunguka kwa pikipiki, akanifundisha kutengeneza sileji, yaani lishe ya kuchachushwa shimoni.

"Kata mabua mabichi ya mahindi vipande vidogo," alisema. "Nyunyizia molasi iliyotiwa maji, changanya na machicha kidogo. Kanyaga mpaka hewa yote itoke. Funika na nailoni, halafu rundika udongo juu. Ujaze na kufunga siku hiyo hiyo, mama. Halafu usifungue kabla ya siku arobaini."

"Nikifungua mapema?"

"Siku mbili za kwanza utaona ni nzuri, inanukia tamu. Halafu inashika joto, inaota ukungu mweupe, unatupa yote. Ukiwahi lile joto kabla ya ukungu, unaweza kuirudisha, uikanyage upya na kuifunga. Saa zingine inakubali."

Shimo lilichimbwa nyuma ya zizi. Wanawake wanne wa kanisani walikuja kukanyaga, na jirani yangu Falis, aliyenunua maziwa yangu kwa kibanda chake cha chai, akaja pia. Mabua yangu yalikuwa yamekaukakauka, kwa hiyo niliongeza migomba kutoka mtoni, ina maji mengi. Tulikata, tukamwaga, wao wakakanyaga wakiimba nyimbo za kanisa huku Falis akiwafuata kwa makofi, na ilikuwa raha.

Ilipofika saa kumi na mbili panga lilikuwa butu, mikono yangu imevimba malengelenge, na mgomba mmoja ulikuwa umebaki mzima. Niliulaza hivyo hivyo juu, katikati ya shimo. Kuvuta nailoni, ikapungukiwa pale kati, kiasi cha mikono miwili. Niliingia nyumbani, nikachukua koti la mvua la Luseno, la mpira, lile la safari ambalo mara ya mwisho aliliacha, nikalitandika juu ya mgomba na kuingiza kingo zake chini kila upande ili hewa isipite. Tukarundika udongo. Mimi nilikuwa nafikiria maji ya kuoga tu.

Asubuhi Falis alikuja kuchukua maziwa, akasimama uani na mtungi wake.

"Mama Maziwa," akasema, "ukiangalia hii mchana, unaona kama kuna mtu umezika."

Nilitazama. Lilikuwa tuta refu la udongo mwekundu. Mgomba wa urefu wa mtu, nguo yake juu, watu wamekanyaga na kuimba. Wazee wa Maragoli walishindwa kuniondolea Luseno kwa maneno, nami nikaenda kumzika mwenyewe kwa mikono yangu, tena kwa ajili ya ng'ombe.

Nilijiambia ni upuuzi, lishe ni lishe. Lakini Kipusa aliacha kulala. Alisimama siku nzima amelielekea lile tuta, anaguna chini chini bila kufungua mdomo. Udongo ulikuwa vuguvugu. Ulinipasha nyayo hata alfajiri yenye baridi. Siku ya kumi ulibonyea katikati, kama makaburi mapya yanavyobonyea. Nasike alipopita akasema joto na kubonyea ndiyo dalili ya kazi nzuri, akanisifu, akawasha pikipiki akaenda.

Siku ya kumi na nne niliweka sahani mezani nikashindwa kukumbuka uso wa Luseno. Nilikumbuka masikio, nikakumbuka pengo la jino, lakini uso haukuja. Niliketi nikalia hadi chakula kikapoa.

Siku ya kumi na nane, saa sita mchana, nilichukua jembe. Nilijua ninaharibu chakula cha Kipusa cha miezi miwili. Falis alinikuta udongo ukiwa umeshatoka nusu.

"Si ulisema arobaini?"

"Nilisema. Shika huku tuvute."

Harufu ilipanda, tamu na kali, ya molasi na matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sileji ilikuwa ya rangi ya dhahabu, safi. Koti lilikuwa pale pale nilipoliweka, lakini vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, kuanzia shingoni hadi chini. Mimi nilikuwa nimelitandika wazi. Nilivifungua kimoja kimoja. Ndani hamkuwa na mgomba wala kipande chake. Palikuwa na alama tu, ya kitu kirefu kilicholala ubavu.

Falis alisoma dua polepole, akachukua mtungi wake akaenda. Tangu siku ile hajanunua maziwa kwangu, na simlaumu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Luseno aliingia kwa mlango wa uani.

Alikuwa amevaa nguo alizoondoka nazo. Hakuwa amekonda wala kuzeeka. Nilimshika, nikamkemea, nikamlilia, nikamuuliza alikuwa wapi miaka miwili.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Mahali pa giza, pana joto. Watu walikuwa wananikanyaga. Halafu kuna mwanamke alikuwa anapiga makofi."

Sikuuliza tena. Nilimpikia ugali na mboga ya mrenda, akala kidogo. Alikuwa na harufu tamu, na nilijifanya ni vumbi la safari. Alipotoka uani Kipusa alimjia, akamlamba mkono, akamlamba tena, akashika mkono wa shati na kuanza kutafuna. Ilibidi nimpige ng'ombe kwa fimbo ndipo amwachie.

Siku mbili hizo nilikuwa na mume. Alirekebisha kamba ya zizi. Alicheka nilipomwigiza Mulama akiomba shati. Uso wake niliutazama hadi akaniuliza kama ana uchafu. Nilifunga madirisha yote na kuziba mwanya wa mlango kwa gunia, nikamwambia ni vumbi, ingawa sote wawili tulijua upepo haukuwepo.

Siku ya tatu asubuhi nilimgusa shingo. Ilikuwa na joto, nalo nililijua, kwa maana nilikuwa nimelikanyaga kwa nyayo zangu siku kumi na nane. Nilimgeuza kwenye mwanga, nikamchunguza nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Ukungu haukuwa umeanza.

"Naenda sokoni," nikamwambia.

Nilienda Kariobangi nikanunua nailoni mita nane, mara mbili ya ile ya kwanza, na debe la molasi. Niliporudi nikapitia kwa wale wanawake wa kanisani, nikawaambia shimo limeingia hewa, waje saa nane tukanyage upya. Mmoja aliuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikasema ni moshi wa jiko.

Luseno sikumkuta ndani. Alikuwa uani, ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia. Alikuwa amevaa koti lake la mvua na kufunga vifungo vyote, isipokuwa kile cha shingoni, ambacho tangu tuoane nilikuwa nikimfungia mimi.

Nilipiga magoti nikakifunga. Nikamwambia siku arobaini si nyingi, na kwamba safari hii nitazihesabu zote.